Betri ya boti isife wakati wa kusi: ifungie sola ndogo

Kusi ikikaza, wengi wetu hapa Mafia tunapandisha maboti. Mashine inafunikwa, betri inasahauliwa. Yangu niliiacha miezi mitatu. Niliporudi mita ilisoma volti 10.9, na haikushika chaji tena. Betri ya asidi hujimaliza yenyewe hata bila kazi, na joto letu linaichochea. Ikikaa tupu, salfeti, yaani chumvi ya risasi, hugandia kwenye pleti zake za ndani.

1. Ijaze kwanza nyumbani. Sola ndogo hulinda betri nzima, haifufui maiti. Iliyojaa, ikitulia saa kadhaa, husoma karibu volti 12.7; ikifika 12.2 imebaki nusu. Yenye vifuniko iongeze maji ya betri, si asidi.

2. Chomoa waya zote za boti. Redio ikibaki inanyonya kidogo kidogo, kazi yote ni bure.

3. Betri ya Ah (ampia-saa) 100 inatosheka na paneli ya wati 20. Lakini usiifunge moja kwa moja! Paneli hiyo kwenye jua inatoa volti 17 na zaidi. Maji ya betri yatakauka. Weka kontrola, kifaa cha kudhibiti chaji, kati ya paneli na betri. Anza kuunga betri, ndipo paneli. Kufungua ni kinyume chake. Fyuzi ya ampia 5 ikae kwenye waya mwekundu, karibu na kichwa cha betri. Vichwa vipake grisi, chumvi haina huruma.

4. Mwezi Juni na Julai jua letu liko kaskazini, basi inamisha paneli huko. Mvua nayo itaiosha. Kuti moja la mnazi likiitia kivuli, umeme unaweza kukatika karibu wote. Sanduku la betri lipate hewa, gesi yake inawaka.

Maswali

Shikamoo fundi. Boti yangu inabaki majini, na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayoingia botini) inajiwasha yenyewe. Wati 20 zitatosha?

Marahaba. Pampu ya ampia 3 ikifanya kazi saa moja kwa siku inakula Ah 3. Siku ya jua paneli inafidia, siku za mawingu mfululizo hapana. Chukua wati 50, ila kwanza kalafati vizuri, uzibe nyufa za boti.

Kaka, nina betri mbili, moja mpya moja kuukuu. Niziunge pamoja?

Hapana, kuukuu itaivuta mpya. Kila moja na kontrola yake.

Na ya lithiamu je?

Hiyo usiifungie sola. Iache ikiwa nusu, ichomoe, iweke kivulini.