SOMO: Elektroni za kundi la Coma hupata wapi nishati

Wakuu, swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo nimeliandikia uzi wake. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Coma ni kundi la galaksi zaidi ya 1,000, zimezama kwenye gesi yenye joto la karibu nyuzi milioni 100.

2. Darubini za redio huona ukungu mpana unaong'aa katikati yake. Unatoka kwa elektroni ziendazo karibu na kasi ya nuru ndani ya uga wa sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku).

3. Hapa wengi huteleza, someni taratibu. Elektroni hizo hupoteza nishati na kufifia ndani ya miaka milioni 100 hivi. Mtu atasema: kwa kasi hiyo elektroni moja si ingevuka ukungu wote kwa miaka milioni chache? Hapana! Haiendi moja kwa moja. Uga ule ni dhaifu kuliko wa Dunia mara laki moja hivi, lakini huizungusha kwenye duara dogo kuliko umbali wa Dunia na Jua, na mistari ya uga yenyewe imevurugika. Kutoka galaksi ilikoanzia hadi ukingoni ingechukua mabilioni ya miaka. Lazima iongezewe nishati palepale ilipo.

ANGALIZO: uga uliotulia hauongezi nishati hata kidogo. Hugeuza mwelekeo tu.

4. Makundi yakigongana, gesi huchafuka na kuburura uga. Chembe kama elektroni ikikabiliana na uga unaoijia hupata nishati. Ikiufuata uga kwa nyuma, hupoteza. Katika umati uendao huku na huko, utakutana uso kwa uso na watu wengi kuliko utakaowapita, ndiyo maana faida hushinda hasara. Mwanafizikia Enrico Fermi alilieleza wazo hili mwaka 1949.

Kimondo: Kwa hiyo sumaku ndiyo inazisukuma?

Rudi kwenye angalizo. Nimeliandika kwa herufi kubwa.

Binti Karoo: Na protoni je, hazihusiki?

Swali zuri sana, dada. Protoni hazififii upesi, hukaa humo mabilioni ya miaka. Zikigonga gesi huzaa elektroni mpya, lakini pia miale ya gama. Darubini ya anga ya miale ya gama iitwayo Fermi, iliyorushwa 2008, imeona miale michache mno, haitoshi kusema ukungu wote unatokana na protoni peke yake.

Kimondo: Gesi inachafuka kweli au ni nadharia?

Sasa umeuliza. Mwaka 2016 satelaiti ya Hitomi ilipima kundi la galaksi la Perseus: gesi yake inachafuka kwa kasi ya kilomita 164 hivi kwa sekunde, na hilo ni kundi tulivu kiasi.

Binti Karoo: Wanaotaka picha, darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini imetoa hadharani data za makundi mengi.

Asante dada. Anzeni na kundi la Abell 2744.