Kivinjari kwa anayeanza: soma anwani kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa mbele ya kompyuta, iwe yake au ya steshenari ya mtaani, akitaka kufika kwenye tovuti, kuchukua anachokihitaji na kuondoka bila kuacha vitu vyake nyuma. Tunatumia kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha Chrome kwenye Windows, maana ndivyo utakavyovikuta kwenye kompyuta nyingi hapa Dar. Firefox na Edge hazipishani nayo sana. Majina ya vitufe yanaweza kuwa tofauti kidogo kwenye mashine yako, au yakawa kwa Kiingereza, lakini mahali pa kubofya ni palepale.

Hatua ya 1: Tazama saa

Ndiyo, saa ya kompyuta, pale kona ya chini kulia. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zinazouzwa Kariakoo zina betri ndogo ya saa, aina ya CR2032, iliyokwisha nguvu. Kila umeme ukikatika, mashine inarudi miaka kadhaa nyuma. Kivinjari nacho hukagua cheti cha kila tovuti, yaani kitambulisho chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine ikiwa imebaki mwaka 2015, cheti cha leo kinaonekana bado hakijaanza kazi. Hapo unapata ukurasa unaosema saa yako iko nyuma, au muunganisho si wa faragha, na chini yake maandishi ERR_CERT_DATE_INVALID. Watu hulaumu bando bure.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya saa, ingia kwenye marekebisho ya tarehe na saa, kisha ruhusu saa ijipange yenyewe. Eneo la saa chagua (UTC+03:00) Nairobi. Usihangaike kuitafuta Dar es Salaam kwenye orodha ile, saa ni moja. Tatizo likijirudia kesho yake, badilisha betri.

Kama saa iko sawa na onyo bado lipo, usilazimishe kuingia, hasa kwenye tovuti inayoomba nywila au pesa.

Hatua ya 2: Kwenye kompyuta isiyo yako, anza na dirisha fiche

Bonyeza Ctrl+Shift+N (kwenye Firefox ni Ctrl+Shift+P). Dirisha jeusi litafunguka. Ukilifunga, historia na vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari) vya muda ule vinafutika. Ukifungua mawili, yafunge yote mawili, kwa sababu yanatumia kumbukumbu moja.

Tusilipe sifa lisizostahili. Dirisha fiche halimzuii mwenye mtandao kuona umetembelea tovuti gani, wala halizuii programu ya kunasa unachoandika kama mtu ameipachika kwenye mashine. Faili ulizopakua pia zinabaki. Kazi za benki zifanye kwenye simu yako.

Hatua ya 3: Andika anwani, na ujue kuisoma

Hapa ndipo penye uzito wote. Mtu akijua kusoma anwani, ameshaziepuka mbinu nyingi za matapeli wa mtandaoni.

Bonyeza Ctrl+L. Mshale wa kuandikia utaruka hadi upau wa anwani ulio juu na kuchagua chote kilichokuwepo, ukiandika kinafutika. Upau huo una kazi mbili: ukiandika anwani kamili, mfano necta.go.tz, unapelekwa moja kwa moja. Ukiandika neno tupu kama "nida", unapelekwa kwenye matokeo ya utafutaji, na yale ya juu kabisa huenda yamelipiwa kama matangazo. Anayeijua anwani aiandike. Kutafuta ni kwa asiyeijua.

Sasa isome hivi. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha anzia hapo ukirudi kushoto, nukta kwa nukta.

https://portal.ajira.go.tz/

Kutoka kwenye mkwaju: tz, go, ajira. Kikoa, yaani jina la tovuti, kinachoishia na .go.tz ni cha taasisi za serikali, hakiuzwi kwa mtu binafsi. Uko pazuri. Linganisha na hii:

https://portal.ajira.go.tz.example.com/ingia

Kutoka kwenye mkwaju: com, example. Basi mwenye nyumba ni example.com. Yale ya "ajira.go.tz" yaliyotangulia ni mapambo, na mwenye kikoa chochote anaweza kuyabandika mbele ya jina lake. Viungo vya "nafasi za kazi" na "mikopo ya haraka" vinavyozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hutegemea ukweli kwamba sisi husoma kuanzia kushoto na kuchoka katikati.

Kwenye simu upau ni mfupi na hukata anwani. Uguse mara moja ili uione yote. Kiungo kilicho ndani ya ukurasa, kibonyeze kwa muda bila kuachia ili usome kinakokwenda kabla ya kukifungua.

Jambo moja linalowachanganya hata wazoefu: alama ya kufuli iliyokuwa ikikaa kando ya anwani. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefichwa njiani. Halikuwahi kumaanisha mwenye tovuti ni mwaminifu, na tapeli naye hulipata bure. Chrome iliondoa alama hiyo mwaka 2023 na kuweka alama ya vitelezi viwili, kwa sababu watu walikuwa wanaielewa vibaya. Ile https yenyewe bado ni ya lazima. Ukiona "Si salama" kando ya anwani, usiandike nywila hapo.

Hatua ya 4: Vichupo na kutafuta ndani ya ukurasa

Chukua kazi halisi: matokeo ya kidato cha nne. Ukishafika kwenye orodha ya shule, usibofye jina la shule kawaida. Shikilia Ctrl ndipo ubofye, au bofya kwa gurudumu la kipanya. Shule itafunguka kwenye kichupo (tab) kipya na orodha itabaki ilipo, hivyo ukitaka shule ya pili huanzi upya wala huli bando kupakia orodha mara mbili. Kwenye simu, bonyeza jina kwa muda na uchague kufungua kwenye kichupo kipya.

Usipekue orodha ndefu kwa macho. Bonyeza Ctrl+F, andika sehemu ya jina la shule, bonyeza Enter. Ukurasa wa shule ukifunguka fanya vilevile kwa namba ya mtahiniwa: kama namba ni S0345/0067, andika 0067. Kwenye simu, gusa nukta tatu kisha "Tafuta kwenye ukurasa".

Ctrl+W hufunga kichupo. Ukikifunga kwa bahati mbaya, Ctrl+Shift+T hukirudisha, isipokuwa kwenye dirisha fiche, ambako kikifungwa kimekwenda. Maandishi madogo? Ctrl na alama ya kujumlisha. Ctrl+0 hurudisha ukubwa wa kawaida.

Hatua ya 5: Ukurasa ukigoma

Soma namba au neno lililoandikwa, maana kila moja lina dawa yake. 404 ina maana tovuti ipo ila ukurasa huo haupo: futa kila kitu baada ya mkwaju wa kwanza, bonyeza Enter, uingilie mlango wa mbele. 503 kwa kawaida ina maana seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, imezidiwa, jambo la kawaida siku matokeo yanapotoka. Kubonyeza F5 (kupakia ukurasa upya) mfululizo kunaongeza foleni ileile unayoilalamikia, kwa hiyo subiri dakika chache. DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN mara nyingi ni wewe uliyekosea herufi. ERR_INTERNET_DISCONNECTED ni mtandao wa kwako: angalia waya, Wi-Fi au bando.

Kama ukurasa unafunguka ila unaonyesha taarifa za zamani, Ctrl+F5 hulazimisha kivinjari kuchukua nakala mpya badala ya ile kilichojiwekea.

Hatua ya 6: Kujaza fomu

Fomu nyingi hukutoa nje zenyewe ukikaa kimya muda mrefu. Maelezo marefu, kama barua ya maombi, yaandike kwanza kwenye Notepad kisha unakili na kubandika.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fomu ikiikataa, kwanza ondoa vistari, kisha nafasi tupu iliyojificha mwishoni baada ya kubandika. Nafasi hiyo moja huharibu nywila pia, na hakuna anayeiona.

Picha ikikataliwa kwa ukubwa, ifungue kwenye Paint, chagua kubadili ukubwa, weka asilimia 30, kisha uihifadhi kwa jina jingine.

Bofya kitufe cha kutuma mara moja tu. Ukishatuma, usirudi kwa mshale wa nyuma. Kivinjari kikikuuliza kama unataka kuwasilisha fomu tena, jibu ni Ghairi, la sivyo unaweza kujikuta na maombi mawili au namba mbili za malipo.

Hatua ya 7: Kupakua na kuchapisha

Faili ulilopakua huingia kwenye folda ya vipakuliwa. Ctrl+J hukuonyesha orodha yake. Tazama herufi za mwisho za jina. Fomu huwa .pdf au .docx. Ukiomba fomu ukapewa .exe au .apk, hiyo ni programu, si fomu: futa bila kufungua.

Kuchapisha ni Ctrl+P, na kabla ya kulipia tazama mambo mawili. Karatasi iwe A4, kwa sababu baadhi ya mashine huja na Letter ya Kimarekani na kingo za fomu zikakatika. Kisha kwenye kurasa, andika 1 au 1-2 unazozitaka tu. Ukurasa wa tovuti wenye matangazo hutoa karatasi kibao na steshenari hulipisha kwa kila moja. Ukitaka nakala ya simu, chagua "Hifadhi kama PDF" badala ya printa.

Hatua ya 8: Ombi la arifa

Kidirisha kikitokea juu kushoto kuomba kukutumia arifa, bofya Zuia. Zile "virusi 5 vimepatikana" zinazoruka kona ya skrini mara nyingi si virusi. Ni tovuti iliyopewa ruhusa hiyo. Ziondoe kwenye Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa: futa kila jina usilolitambua.

Hatua ya 9: Kuondoka

Toka kwenye kila akaunti kwa kitufe chake, usitegemee kufunga dirisha. Kivinjari kikiomba kuhifadhi nywila, kataa. Faili zako kwenye vipakuliwa zifute kwa Shift+Delete, ili zisipitie pipa la taka. Kama ulisahau dirisha fiche, bonyeza Ctrl+Shift+Delete, chagua saa moja iliyopita, weka tiki kwenye historia na vidakuzi, kisha futa. Usichague muda wote: utamtoa mwenye ofisi kwenye akaunti zake, na hatakuelewa.

Na ukikumbuka ukiwa umeshafika Mbagala kwamba barua pepe uliiacha wazi Posta, usipande gari kurudi. Kwenye simu fungua akaunti yako ya Google, ingia Usalama, kisha Vifaa vyako, chagua ile kompyuta, gusa Toka. Baada ya hapo badilisha nywila.