Kutunga ubeti wa kumwota marehemu

Andika ndoto ikiwa bado mbichi, na uanze na kitu ulichokiona, si huzuni yako. Kwa aliyefiwa na mvuvi hapa Kigoma, kitu hicho huenda ni karabai, taa ya kuvulia dagaa usiku.

Tumia tarbia, shairi lenye mishororo (mistari) 4 kwa ubeti, kila mmoja mizani (silabi) 16: 8 ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 utao, nusu ya pili.

*Nimeota u ziwani, mtumbwi bila kasia*

Hesabu kwa sauti. "Mtumbwi" ni mizani 3, m-tu-mbwi. Wengi huiruka ile m, wakajazia neno, mshororo ukavimba. Na mbalamwezi usiiweke kwenye shairi la dagaa: wavuvi hutafuta giza ili taa ivute.

Mshororo wa pili na wa tatu ibaki ndotoni, vina (silabi za mwisho za kila nusu) vilevile, -ni na -a:

*Karabai i majini, dagaa waisogea*

Kituo, mshororo wa mwisho, ndipo pa kuamkia. Badili kina cha mwisho, sikio lishtuke:

*Naamka kitandani, hujajibu, kumekucha*

Ukiandika "umekufa" hapo, ubeti umeharibika. "Hujajibu" lina uchungu zaidi, maana bado linasubiri. Kisha uimbe wote. Sauti inapokwama, mizani imezidi au imepungua.