Somo: Kufunga madirisha ya pembeni kwenye gari la zamani lenye paa la turubai

Wakuu, naongelea magari ambayo mlango wake hauna kioo cha kupandisha: MGA ya wazi (isiyo na paa la chuma), Triumph TR2 na TR3, Austin-Healey Sprite ya kwanza ya 1958. Dirisha ni fremu inayochomekwa au kufungwa kwa nati kwenye mlango, katikati ina perspeksi, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo.

1. Tandika turubai kwanza, likaze, kisha funga milango. Ukipima turubai likiwa limekunjwa, kila kitu kitakaa vizuri, halafu siku ya mvua turubai linagoma kufika.

2. Weka fremu, nati zikiwa legelege. Isogeze mpaka ukingo wa mbele ulale kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kisha sukuma sehemu ya juu iingie ndani kidogo, ndipo ukaze. Gari likikimbia, hewa huvuta dirisha kwenda nje. La kwangu nililisimamisha wima. Barabarani uwazi ulipitisha kidole.

3. Kata perspeksi mpya kwa kufuata ile ya zamani, bila kubandua karatasi inayoikinga hiyo mpya. Toboa polepole juu ya ubao, usikandamize drili. Tundu liizidi skrubu kwa milimita 1 hivi, maana perspeksi hutanuka na kusinyaa kuliko chuma. Ya kwanza niliikaza hadi mwisho. Usiku baridi ilipoingia nikasikia "tak!", ufa umetoka tunduni hadi ukingoni.

4. Raba na kitambaa. Panga kama vigae vya paa: turubai lifunike dirisha kwa nje, na kitambaa cha chini cha dirisha kifunike mlango kwa nje. Ukikiingiza kitambaa ndani, maji yote yatakuishia mapajani, hata umwage silikoni kopo zima.

5. Bana kipande cha karatasi kwenye raba, kivute. Kikitoka bila kukwama, hapo pana uwazi.

Maswali

– Mkuu, perspeksi yangu imefifia. Naisafisha kwa petroli?

Usithubutu. Petroli, thina na dawa ya vioo yenye amonia huleta vijiufa kama utando wa buibui. Tumia maji na sabuni. Kama ni mikwaruzo, sugua kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, umalizie na polishi ya plastiki.

– Kile kitambaa kinacholegea chini ya dirisha, nikishone kabisa?

Kama ni MGA ya wazi, utajifungia nje. Mlango hauna kitasa cha nje. Unapenyeza mkono hapo na kuvuta kamba iliyo ndani.

– Nimefuata yote, bado tone linaangukia mguu wangu, karibu na pedeli.

Hilo si la dirisha, ndugu. Angalia raba iliyo chini ya kioo cha mbele.