Nyumba ya kujipikia Ugiriki: ya kuangalia kabla ya safari

Kabla ya kulipia, omba picha ya jiko. Katika nyumba nyingi ndogo za visiwani, jiko ni sahani mbili za umeme, friji fupi, sufuria moja na kikaango kilichochakaa. Swichi kuu ya jiko mara nyingi huwa kwenye boksi la fyuzi, pamoja na ile ya hita ya maji. Asiyejua hudhani jiko ni bovu. Chaja za pini tatu za Kenya au Tanzania haziingii kwenye soketi za kule, hivyo chukua adapta ya pini mbili za mviringo. Kisu kikali pia, ila kiwe kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege.

Ukiingia kutoka nje ya Umoja wa Ulaya usibebe nyama wala vyakula vya maziwa, hata samli na nyama ya kukausha: hutaifishwa mpakani. Viungo vilivyosagwa na unga wa sembe havina shida.

Angalia siku ya kufika. Jumapili supamaketi nyingi hufungwa, ingawa visiwa vya watalii hufungua msimu wa joto. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa. Ununuzi wa kwanza wa watu wawili: maji chupa 6 za lita 1.5, mayai 6, nyanya kilo moja, jibini la feta gramu 400, mafuta ya zeituni nusu lita, na mkate wa fournos, yaani duka la mwokaji. Maji ya bomba ya Athens hunyweka, lakini katika visiwa vingi vya Cyclades yana chumvi na huharibu chai.

Kwa jiko la namna hiyo, pika asubuhi na usiku, mchana kula nje. Sababu ni mageirefta, vyakula vya sufuria na oveni kama maharagwe makubwa ya gigantes au bamia: hupikwa asubuhi, na usiku huwa vimepashwa tu. Ukipendelea kutoka usiku, taverna, yaani migahawa ya Kigiriki, huchangamka kuanzia saa tatu.

Mkate unaoletwa bila kuagizwa huwa na bei yake kwenye bili. Ukiwa huuhitaji, urudishe mapema. Samaki mzima huuzwa kwa kilo, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kwa bei ya euro 60 kwa kilo, samaki wa gramu 800 ni euro 48 kabla ya saladi. Mwombe mhudumu ampime mbele yako, akiwa mbichi. Alama κατ. kwenye menyu ni samaki wa barafu. Gavros wa kukaanga, jamaa wa dagaa, huuzwa kwa sahani na ni nafuu zaidi.

Asiyekula nguruwe ajifunze neno hirino (χοιρινό): souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kuchomwa kwenye mti unaozunguka) huwa hiyo usiposema kotopoulo, kuku. Nyama halali ni shida visiwani. Athens, tafuta maduka ya mitaa ya karibu na Omonia, katikati ya jiji.