Unaenda Ghana? Ya kuzingatia kabla hujaanza kuzunguka

Cha kwanza kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, wanaiulizia pale uwanja wa ndege wa Accra, na kama hujachanja usisubiri wiki ya safari maana cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Plagi zao ni zilezile za pini tatu, kwa hiyo hapo huna haja ya kununua kitu.

Kinachosumbua watu wa huku ni upande wa barabara. Ghana walikuwa wanaendesha kushoto kama sisi mpaka tarehe 4 Agosti 1974 wakahamia kulia, sasa wewe Mtanzania au Mkenya macho yako yamezoea kuangalia kulia kwanza unapovuka, kule gari linakutokea kushoto. Hata mlango wa trotro, yaani daladala yao, uko upande wa kulia, ukiusubiri kushoto utakuwa umesimama katikati ya barabara.

Trotro zenyewe ni vigari vya kila aina, vingine ni vani za mizigo zilizofungwa viti, na katikati kuna vile viti vya kukunja ambavyo mtu akishuka nyuma basi nusu ya gari inanyanyuka. Konda wanamwita "mate", la Kiingereza, utamsikia anaita Circle, kituo kikubwa cha Accra, kwa haraka mpaka linabaki "Sek-sek-sek!" Andaa hela ndogo ndogo, cedi moja moja na mbili mbili, M-Pesa yako ya nyumbani hapo haikusaidii, na nauli inapitishwa mkono kwa mkono kutoka siti ya nyuma mpaka kwa mate. Itoe kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto kwao ni dharau kabisa, ingawa watu wa pwani hili halitawapa shida. Chenji usiwe na presha, inarudi, ila ukitoa noti kubwa asubuhi utaangaliwa vibaya na gari zima.

Taksi ya mtaani patana kabla hujapanda, na ukisema "dropping" ujue umeikodi yote peke yako na bei inapanda hapohapo. Bolt, Uber na Yango zipo Accra na Kumasi, ila dereva mara nyingi atakupigia kuuliza uko wapi hata kama ramani inaonyesha, kwa hiyo jua alama ya karibu, kanisa, petroli stesheni, kitu kama hicho.

Safari ndefu ndo watu wanapanga vibaya. Accra hadi Kumasi ni kama kilomita 250, mtu anaangalia ramani anasema ndani ya saa tatu nimefika, akaweka na miadi ya mchana, kumbe kutoka tu Accra kupita Nsawam foleni inaweza kula asubuhi yote, na gari nyingi za stendi haziondoki kwa saa, zinaondoka zikijaa. Ukikuta gari lina watu wanne umekaa hapo, tafuta lililobakiza siti mbili hata kama siyo zuri. Hesabu saa tano au sita. Ukitaka basi la saa maalum kata tiketi mapema kwa STC, kampuni ya mabasi, hasa karibu na Krismasi na Pasaka, na beba sweta, AC zao hazina huruma. Begi kubwa linalipiwa pembeni, bei yake patana kabla halijaingia buti. Treni ya Accra kwenda Kumasi usiiweke kwenye mipango.

Kaskazini ni mbali kweli, Tamale inapita kilomita 600 kwa barabara kutoka Accra, ni siku nzima au usiku mzima, na mimi usiku siushauri, malori yaliyoharibika yanaachwa barabarani bila taa. Anayeenda kuona tembo hifadhi ya Mole, kutoka Tamale lami ipo kupitia Fufulso na Damongo. Ndege ya Tamale ni kama saa moja tu, lakini Desemba mpaka Februari kuna harmattan, vumbi la Sahara linashuka mpaka rubani haoni uwanja na ndege zinaahirishwa, kwa hiyo kama una ndege ya kurudi Nairobi au Dar, rudi Accra siku moja kabla.