Kabla ya kumwambia fundi "piga Windows upya": skrini ya buluu inapozuka ovyo nyumbani

Kompyuta inayoanguka bila mpangilio inachosha kuliko iliyokufa kabisa. Iliyokufa unajua imekufa. Hii inafanya kazi asubuhi nzima, halafu jioni mtoto akiwa katikati ya kazi ya shule skrini inageuka buluu, inaandika maneno mawili matatu, inajizima, inajiwasha na kuendelea. Hapa Uganda, kuanzia Kampala hadi Busia na Arua, wengi wetu hatua inayofuata ni ileile: mashine inabebwa kwa fundi, naye anaambiwa apige Windows upya, yaani aiweke tena kuanzia mwanzo. Naomba usubiri kidogo kabla ya hapo. Kupiga Windows upya kunaweza kufuta mafaili yako, na hakika kunafuta ushahidi wa kilichoiangusha mashine. Kama ubovu uko kwenye ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au diski, utalipa leo na baada ya muda utarudi palepale, safari hii bila pa kuanzia.

Cha kwanza kabisa ni mafaili. Mashine bado inawaka, kwa hiyo nakili sasa: picha, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za duka, kazi za chuo. Usianze kupima chochote kabla hujamaliza hili, maana vipimo vingine huichosha diski na diski mgonjwa inaweza kukata roho humo humo. Angalia pia unanakili kwenye nini. Flashi ya bei ya kutupa iliyoandikwa terabaiti 2 mara nyingi ina nafasi ndogo sana ndani. Imechezewa ili kompyuta idhani ni kubwa. Ikijaa nafasi yake ya kweli, mafaili yanayofuata yanapotea kimya kimya huku majina yake yakiendelea kuonekana. Ukimaliza kunakili, chomoa flashi, ichomeke kwenye mashine nyingine, ufungue picha kadhaa, hasa zile zilizonakiliwa mwisho mwisho. Zikifunguka vizuri, hapo umehifadhi.

Kuna jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wameshachelewa. Laptop nyingi za Windows 10 na 11 diski yake huwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, au usimbaji wa aina hiyo, na mwenyewe hana habari. Siku BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ikibadilishwa, au fundi akihamishia diski kwenye mashine nyingine, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine mara ya kwanza. Na kama mashine ni ya mkono wa pili, akaunti hiyo huenda ni ya mtu usiyemjua. Hakikisha mapema, uuandike ufunguo kwenye karatasi.

Sasa ushahidi. Skrini ya buluu inakaa sekunde chache tu, wala huwezi kuisoma ukiwa umeshtuka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Hapo hapo chagua Small memory dump. Kuanzia siku hiyo mashine ikianguka itasimama na maandishi yake, uyapige picha kwa simu, na faili dogo litabaki ndani ya C:\Windows\Minidump. Faili hilo haliandikwi kama umezima kumbukumbu pepe (paging file) kwenye diski C, na programu nyingi za "kusafisha kompyuta" hulifuta, kwa hiyo zipumzishe kwa sasa. Ukiwa na Windows 11 iliyosasishwa tangu katikati ya 2025, usishangae skrini yenyewe ikija nyeusi: Microsoft walibadilisha rangi, lakini jina la kosa bado linaandikwa.

Pamoja na picha, weka daftari dogo kando ya meza. Andika tarehe, saa, kilichokuwa kinafanyika, na kama umeme ulikuwa wa kawaida. Mistari mitano ya daftari hilo humsaidia fundi kuliko maelezo ya nusu saa.

Umeme kwetu una sura yake na hauwezi kupitwa haraka. Fundi mzuri humsikia mteja akisema, "Fundi, mashine inajizima," naye kabla ya kuipokea anauliza, "Mama, inazimika giza tu, au inaandika kitu kwanza?" Swali hilo linagawa tatizo katikati. Mashine inayozimika ghafla bila neno lolote mara nyingi imekosa umeme: nyaya za nyumbani, paua sapulai iliyochoka, joto lililopita kiasi, au uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zimekwisha. Inayoandika kosa kwanza imejisimamisha yenyewe kwa sababu Windows imegundua jambo lisilowezekana ndani yake. Kama hukuwepo ilipotokea, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwenye kumbukumbu za System, utafute Kernel-Power namba 41. Tukio hilo huandikwa kila mashine inapozimika bila kufungwa vizuri, kwa hiyo peke yake halithibitishi kitu. Tazama ndani yake palipoandikwa BugcheckCode. Ikiwa 0, hakuna skrini ya buluu iliyorekodiwa. Elekea kwenye umeme. Ikiwa namba nyingine, ni kosa lenyewe limeandikwa kwa desimali. Kwa mfano, 26 hapo ni ileile 0x1A ya heksadesimali, yaani MEMORY_MANAGEMENT.

Lakini mambo haya mawili huzaana. Umeme wetu ni volti 240, ila jioni watu wote wakiwasha majiko na pasi, taa zinafifia. Kisha unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena. Kila mashine inapokatwa ikiwa inaandika kwenye diski, mpangilio wa mafaili unaweza kuharibika. Wiki kadhaa baadaye inakuja skrini ya buluu yenye NTFS_FILE_SYSTEM au UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME wakati umeme umetulia kabisa, na mwenye mashine hawezi kuhusisha mambo hayo. Ndiyo maana nasisitiza: kompyuta ya mezani iwe na UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) yenye betri hai. Stabilaiza hurekebisha volti zinazopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo imezimika. Na ngurumo zikianza, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na ziwa Victoria, chomoa waya wa umeme na ule wa intaneti. Kuzima swichi hakutoshi.

Ukishapata picha kadhaa, zisome kwa pamoja. Kosa moja ni fununu tu. Kama kila mara linakuja jina lilelile na faili lilelile la dreva (programu inayoendesha kifaa), mshukiwa ni dreva hiyo. Kama leo ni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa MEMORY_MANAGEMENT, bila uhusiano na unachofanya, anza na ramu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kifaa chenyewe kinalalamika: prosesa, volti au joto. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR inakuelekeza kwenye diski au waya wake. VIDEO_TDR_FAILURE ni upande wa kadi ya picha za skrini. Programu ndogo ya bure, BlueScreenView, itakuonyesha yaliyomo kwenye Minidump. WinDbg ya Microsoft inachimba zaidi ila inakula bando kwa sababu lazima ivute mafaili ya ziada kutoka mtandaoni. Utaona sana jina ntoskrnl.exe. Usilikimbilie. Huo ni moyo wa Windows wenyewe, nao mara nyingi ndio uliokutwa kwenye eneo la tukio, si uliotenda.

Jiulize pia nini kilibadilika kabla ya haya kuanza. Ramu iliyoongezwa? Printa mpya? Apdeti? Antivairasi ya pili juu ya ile iliyopo? Programu ya kuvunja leseni uliyopewa na rafiki? Programu zinazoingia ndani kabisa ya mfumo zina uwezo wa kuuangusha wote. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona hilo: sasisho moja bovu la CrowdStrike, tena programu ya usalama, liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5. Kama walivyofanya wao, nawe unaweza kuingia Safe Mode, hali ya Windows ambako dreva nyingi za nje hazipakiwi. Mashine ikitulia humo kwa muda mrefu, tafuta programu au dreva. Ikianguka hata humo, elekeza macho kwenye vifaa. Na yeyote akikushauri uwashe Driver Verifier, kipimo cha dreva cha Windows, ukubali tu kama umeshatengeneza restore point (mahali pa kurudishia mfumo) na unajua njia ya kuingia Safe Mode, kwa sababu kipimo hicho huiangusha mashine kwa makusudi, wakati mwingine kila inapowaka.

Ramu ndiyo ningependa kila nyumba ijue kuipima, kwa sababu haihitaji pesa. Weka MemTest86, programu ya kupimia ramu, kwenye flashi tupu, washa mashine kupitia flashi hiyo, uiache ifanye kazi usiku kucha, ukiwa na uhakika kwamba uniti zitatosha mpaka asubuhi. Kosa hata moja likitokea, ramu haifai au haijakaa vizuri. Kabla ya kununua nyingine, zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, kisha gusa chuma cha kasha ili mwili wako usiwe na chaji. Fungua vishikizo viwili vya pembeni. Ramu itainuka yenyewe. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu chini. Kwenye nyumba iliyo kando ya barabara ya murram utakuta utando mwembamba mwekundu na pengine doa jeusi. Futa polepole kwa raba laini ya penseli, pangusa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka usikie mlio wa vishikizo vyote viwili. Pima tena. Kama ziko mbili, pima moja moja kwenye nafasi ileile, maana nafasi yenyewe kwenye ubao mkuu wa kompyuta inaweza kuwa ndiyo mbovu. Mashine nyingi za mtumba zimeongezewa ramu ya kampuni tofauti na kasi tofauti. Jozi kama hiyo inaweza kufanya kazi miezi, kisha ikagoma.

Kwa diski, programu ya CrystalDiskInfo itakupa hali yake ndani ya dakika moja. Ikisema Caution au Bad, acha kila kitu, kamilisha kunakili, tafuta diski nyingine. Usimkubalie mtu aanze na chkdsk /r, amri ya kukagua diski, kwenye diski ya namna hiyo. Amri hiyo inasoma kila kona yake na inaweza kuimaliza. Kwa diski isiyo na ubovu hakuna shida. Amri za sfc /scannow na DISM, zinazokarabati mafaili ya Windows yenyewe, nazo ni salama kwa mafaili yako, ingawa DISM itahitaji intaneti.

Joto ni rahisi: puliza vumbi, ukiishika feni isizunguke, na uitoe mashine kwenye kona isiyo na hewa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, halafu usubiri. Ukiweka ramu mpya, dreva mpya na kusafisha siku hiyo hiyo, mashine ikipona hutajua kilichoiponya, na ile ramu uliyoitoa huenda ilikuwa nzima.

Ukienda kwa fundi, nenda na daftari, picha na faili za Minidump kwenye flashi. Andika namba za diski na ramu zilizomo, fundi mwenyewe akiona, na umwombe akurudishie kifaa chochote anachokitoa. Nenosiri lako binafsi lisiachwe. Mfungulie akaunti nyingine. Yeye naye atafurahi, kwani ni nadra kupata mteja aliyemletea kazi iliyofika nusu.

Kupiga Windows upya kuna mahali pake: ramu imepita kipimo, diski ni nzima, umeme umetulia, na makosa bado yanaelekeza kwenye mfumo. Kama bado uko kwenye Windows 10, kumbuka msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uliza kama mashine yako inaipokea Windows 11 kabla ya kulipia. Baada ya kupigwa, itumie siku kadhaa ikiwa tupu, na dreva zilizotoka kwa mtengenezaji tu, kabla ya kurudisha programu zako. Ikianguka ikiwa bado tupu, rudi kwa fundi na picha mpya, umwambie aanze na paua sapulai na ubao.